Dona wa Ramani na Vichanga Kumi na Saba

Kwetu, mpaka leo, ukimtaja Dona mbele ya wanawake wa umri wa mama yangu, kuna atakayegeuza uso na kuna atakayetema mate kabisa. Wanasema yule mwanamke aliapa uongo. Wanasema aliwaacha watoto wetu chini ya mitambo ya gesi, kisha akapanda chapa, gari la abiria, akaenda zake. Maneno hayo nimeyasikia miaka yote, nimekaa katikati yao napepeta mchele, na sikufungua mdomo. Leo naufungua. Dona hakuapa uongo. Mkono uliowaacha wale watoto ni huu wangu, na aliyebeba lawama ni yeye.

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Palma nzima, mji wetu wa kaskazini mwa Msumbiji, tulimwita Dona, yaani Bibi kwa Kireno, na kwa kuwa palikuwa na madona wengine, wa hospitali na wa shule, huyu akawa Dona wa ramani. Alizaliwa wapi hasa, mwana wa nani, sikumwuliza. Nilijua tu ametoka mbali, kusini huko, ameletwa na serikali kama wanavyoletwa wote, na kwamba alikuwa Mkristo. Alipofika, gesi ilikwishaonekana baharini, na kila wiki gari jeupe jipya lilikuwa linaingia mjini. Watu wa magari yale walitaka ramani. Dona alipewa chumba cha mwisho katika ofisi ya distrito, ya wilaya, chenye kompyuta mbili, feni mbovu na dirisha linalotazama choo.

Alikuwa mfupi, mnene, anavaa raba za kiume na sketi ndefu yenye mifuko mikubwa. Mifuko ile haikukosa karanga. Ukimwuliza jambo gumu anakupa karanga kwanza, halafu anafikiri wakati wewe unatafuna. Kwenye kibodi ya kompyuta yake maganda hayakuisha, na ukithubutu kuyapuliza anakufokea kwamba unamhamishia vumbi.

Kiswahili chake alikiokota sokoni kwa wauza samaki, kwa hiyo alijua kugombana kabla hajajua kusalimiana. Siku moja sekretario wa kijiji kimoja cha ng'ambo ya ghuba, mzee wa heshima na kanzu yake, alipita ofisini. Dona akataka kumkaribisha kiti. Akamwambia, "Haya baba, unachukua huchukui? Kama huchukui pisha wenzio!" Mzee wa watu akabaki anatazama kiti. Nilicheka mpaka nikatoka nje, jamani. Dona alipoelezwa alimwomba mzee radhi mara tatu, na tangu siku ile kila akipita anamsindikiza hadi barabarani.

Mimi niliajiriwa kwa sababu nilikuwa na darasa la kumi na Kireno cha kutosha. Kompyuta nilikuwa nazijua kwa kuziona. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya kioo, akagusa nukta moja kwenye ramani, na nyuma ya nukta ukafunguka mstari mrefu wa maneno.

"Ramani siyo picha, mwanangu," akasema. "Picha ni ya kuwaonyesha wakubwa. Ramani ni daftari. Kila nukta ina mstari wake, na mstari una vichumba. Hapa jina la mwenye nyumba. Hapa minazi mingapi. Hapa kisima. Hapa kaburi la nani. Kazi yetu sisi ni vichumba."

Kuuliza jedwali, yaani ile mistari yote kwa pamoja, alinifundishia uani. Asubuhi ile wanawake walikuwa wamekaa foleni wakisubiri cédula, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Dona akatoka, akasimama katikati yao. "Waliovaa kanga nyekundu wasimame!" Wakasimama, wanashangaa. "Nyekundu na mtoto mgongoni!" Nusu wakakaa. "Nyekundu au mtoto!" Karibu wote wakainuka, sasa wanacheka, wameshauelewa mchezo. Alikuwapo bibi mmoja amejifunga kanga iliyofuliwa mpaka rangi ikaisha. Waliitwa wenye nyekundu, hakusimama. Dona akaita wasio na nyekundu, hakusimama vilevile.

"Bibi, wewe vipi?"

"Mie hata sikumbuki hii ilikuwa rangi gani. Niache nikae, miguu inauma."

Dona akapiga makofi kwa furaha, akanigeukia. "Huyo! Umemwona? Nimeuliza hivi, hakutoka. Nimeuliza kinyume, hakutoka. Kichumba chake kitupu. Wa namna hiyo jedwali haliwataji, mpaka wewe mwenyewe ukumbuke kuwauliza peke yao." Kisha akamgawia yule bibi karanga, na cédula ya mjukuu wake ikatangulia kuandikwa.

Pamoja na hayo alikuwa mkali kuhusu vichumba vitupu, na hapo ndipo watu walipomwona ana roho ngumu. Mwenzetu mmoja wa kukusanya habari alikuta nyumba kadhaa hazina watu, akaona ajirahisishie, akajaza "Fulani" kwenye jina. Dona alimrudisha kijijini kwa miguu, mvua inanyesha. "Kitupu ni ukweli," alisema. "Maana yake hatujui. Ukiandika Fulani umeniletea mtu asiyekuwapo duniani, nami nimtafute wapi?" Alirudia maneno hayo kila wiki, tukamchoka.

Sheria yake nyingine ilikuwa ya kusomeana. Kabla ya kutoa lista, orodha ya majina, kwenye ramani, mmoja anasoma kwa sauti idadi ya mistari, mwingine anaandika. Lista ikishatoka, inasomwa tena, na hesabu mbili zinatazamana. Kama hazilingani hatoki mtu. Nilimwuliza kwa nini nisisome mwenyewe na kuandika mwenyewe. Akasema mtu akiwa peke yake anasoma anachotaka kusoma. Niliona ananidharau.

Lo, na vituko alikuwa navyo! Aliweza kusimama mbele ya mainjinia watano akawaambia mpaka wao umekosewa, na akija kuku mlangoni anapanda juu ya kiti. Kuku, haki ya Mungu, siyo jogoo hata. Alichora ramani za gesi mchana kutwa na nyumbani akapikia mkaa, kwa sababu mtungi wa gesi aliuogopa. Alilalamikia jua, mchanga na mbu, na bado ile rasi yote iliyotakiwa kuhamwa ili kupisha mitambo ya gesi aliitembea kwa miguu kuliko sisi tuliozaliwa kule. Akifika makaburini anavua raba zake na kujitanda kanga kichwani, wakati vijana wetu wenyewe wanapita wamevaa kofia za kampuni na kuvuta sigara.

Makaburi ndiyo yaliyotufikisha kwenye mkasa wenyewe. Kijiji chetu kilikuwa katika vile vya kuhamishwa, na ilikubaliwa kwamba wafu nao wahamishwe, wawe karibu na watu wao. Wazee wa kiume walimwonyesha Dona makaburi ya kijiji, yale ya walimu wa chuo cha Kurani, na ya watu wa zamani kule pwani. Akayaingiza yote. Wakubwa wakaona kazi imekwisha.

Mchana mmoja tunakula, akaacha kijiko. "Mwanangu, nyie watoto wanaozaliwa wamekufa mnawazika wapi?"

Niliona haya. Kwetu jambo hilo ni la wanawake na halisemwi ovyo. Mtoto akizaliwa hana pumzi hapewi jina, wala hapelekwi makaburini na msafara. Wanawake humfunga kitambaa cheupe, wakamzika nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, pakawekwa jiwe. Basi. Mama yake ndiye anayejua. Nikamweleza hivyo.

"Wanaume wanajua?"

"Wanajua wapo. Hawajui wapi."

"Basi hawamo," akasema. Chakula chake kilipoa pale mezani.

Wiki mbili tulizunguka, mimi na yeye, nyumba kwa nyumba. Wanaume tuliwaomba wakae mbele, sisi tukapita nyuma na wanawake. Wengine walitukatalia mara ya kwanza wakatuita wenyewe mara ya pili. Kuna waliotuonyesha jiwe tu, wakarudi kupika. Tulipata vichanga kumi na saba. Kwenye nyumba moja Dona aliomba akae kidogo, akachezea karanga bila kula, akasema, "Mie pia ninaye mmoja. Yuko kwetu. Hana nukta." Sikumsikia tena akilitaja hilo.

Wa kumi na saba alikuwa kaka yangu. Mama alimzaa kabla yangu, na baada yangu hakuzaa tena. Kila Ijumaa, tangu nilipopata akili, nilimwona anafagia pale nyuma ya jiko, mahali padogo, anafagia polepole kuliko anavyofagia uwanja. Siku ile alitupeleka mwenyewe. Dona akainua kidude chake cha kupimia mahali, akasubiri kitulie, akaandika.

"Jina, mama?"

"Hana."

"Basi kichumba kitabaki kitupu. Sitamtungia."

Mama akamtazama sana. "Na asipokuwa na jina hamtamsahau? Msije mkanipandisha lori mkaniachia mwanangu hapa."

Dona akaweka mkono kifuani. "Mama, nakuapia kwa Mungu. Huyu yumo kwenye ramani. Siku watu wake watakapohama, naye atahama." Mama alimshika mkono, akaingia ndani, akatoka na mayai manne amefunga kwenye jani. Dona aliyapokea kwa mikono miwili.

Sasa nieleze kosa, na nitalieleza lote. Vile vidude vya kupimia vilikuwa na ugonjwa wa kukwama, na kila vikikwama viliacha nukta za takataka, zisizo na habari yoyote ndani. Kwa hiyo tangu mwanzo wa kazi, kabla hatujawafikia vichanga, Dona alikuwa ametunga swali moja la kusafishia, akalihifadhi kwenye kompyuta. Swali lilisema hivi: nipe kila kaburi ambalo kichumba cha jina si kitupu. Takataka zilibaki nje, waliotajwa wakatoka, na kila Ijumaa tulilibonyeza hilo kabla ya kupeleka lista kwa wakubwa. Baada ya kuwaingiza vichanga alisema, mie nikamsikia, "Nikumbushe tulibadilishe lile swali." Kesho yake homa ikamlaza.

Ilikuwa malaria ya kweli, ya dripu. Siku ya tatu akiwa hospitalini chefe, mkubwa wetu wa ofisi, akaja mlangoni saa tatu na nusu. Gari linaondoka saa nne, akasema, na lista ya mwisho ya makaburi iende nalo. Nilimwambia Dona ni mgonjwa. "Kwani wewe hujui kazi?" akauliza.

Ninajua, nikasema. Ebo, nikose kujua! Nilikuwa nimevaa viatu vipya siku ile. Nikabonyeza swali la kila Ijumaa, mistari ikachaguliwa, nikaitoa lista, nikaiweka kwenye pendrive, nikaikimbiza garini. Idadi sikuisoma, wala ya kabla wala ya baada. Hapakuwa na wa kumsomea, na nilitaka chefe aone nilivyo mwepesi. Mistari kumi na saba ilibaki ndani ya kompyuta pamoja na takataka.

Dona alirudi kazini amekonda. Aliniuliza lista ilikwendaje, nikamjibu imekwenda. Akaniuliza hesabu zililingana? Nikasema zililingana. Huo ndio uongo niliousema, na ulinitoka kirahisi kama kusema nimeshakula.

Watu wakahamishwa kwanza. Malori yalikuja, tukapakia magodoro, mitungi na mbuzi, tukapelekwa kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa kwa mstari. Kule nyuma nyumba za zamani zikasawazishwa, na waya ukazungushwa. Makaburi yakaachwa yamewekewa alama kwa kufuata lista, tukaambiwa tutaitwa. Tulipoitwa, walimu walikuja na sanda, kila ukoo ukasimama upande wake, na mtu mwenye karatasi akawa anasoma jina moja moja. Kazi ilifanywa kwa adabu, sitasema vingine. Ilichukua siku nne. Siku ya nne mchana karatasi ikaisha, watu wakaanza kupanda magari. Mama akabaki amesimama, na sanda ndogo aliyoikata mwenyewe iko mkononi.

"Bado wangu," akasema.

Yule mtu akaitazama tena karatasi. "Mama, hapa hakuna mwingine."

Na wanawake wengine, mmoja mmoja, wakashuka kwenye magari. Pale ndipo nilipoelewa. Nikashika bodi ya lori.

Mkutano ulifanyika kesho yake, uwanjani. Wanawake walipiga kelele mpaka sekretario wa kijiji chetu akashindwa kuwatuliza. Dona alisimama, hakuomba kipaza sauti. "Lile swali nililitunga mimi," akasema. "Kosa ni langu." Walimtaka aeleze, hakueleza. Mama akamwendea mpaka karibu, akamwambia, "Uliniapia kwa Mungu," akatema mate mchangani. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nilikuwa na mdomo na ulimi, na nikatazama viatu vyangu.

Dona hakuacha. Ramani yote alikuwa nayo, na kaka yangu alikuwamo. Alikwenda kwenye waya kila asubuhi na kidude chake mkononi, walinzi wakamrudisha, akarudi. Juma la pili wakamfungulia. Akaambiwa mashine zimeshapita, udongo umechotwa na mwingine umemwagwa. Aliingia hivyohivyo. Jioni yake alikuja nyumbani kwetu, raba zimejaa tope jekundu, na kifuko kidogo cha udongo alioutoa pale ambapo kidude kilimwambia ndipo. Alikitoa kwa mikono miwili.

Mama alikifungua, akauchezea udongo kwa kidole. "Huu si yeye," akasema. "Huu ni mchanga wa kila mtu." Akamrudishia. Dona alikaa kidogo mlangoni, kuku wetu wanapita miguuni pake, na hata hakuwaona.

Mwezi ule akahamishwa. Aliondoka na chapa ya Mocímboa, na sanduku lake na kompyuta yake kuukuu. Nilikuwa dirishani. Sikutoka kumsindikiza, kwa sababu mama angeuliza ninamsindikiza nani.

Baadaye vita vilikuja, tukakimbia sisi na kijiji kipya tukakiacha. Hayo nayaruka. Mimi na mama tuliishia Nampula, mji wa mbali kusini, kwenye mahema, halafu chumba cha kupanga. Mimi nilipata kazi ya kuandikisha majina ya waliokimbia, kazi niliyofundishwa na nani? Mama akafia kwenye chumba kile.

Mwaka jana nikiwa kazini mtaa wa nyuma ya soko, mama mmoja akaniambia pale jirani yupo mstaafu mmoja, wa serikali, aliyewahi kukaa Palma na anatukana kwa Kiswahili. Nilijua kabla hajamaliza. Asubuhi iliyofuata nikaenda.

Alikuwa barazani anaambua mbaazi kwenye beseni. Amekonda, nywele nyeupe, na macho yameingia ukungu. Alinigeuzia sikio badala ya uso.

"Shikamoo, Dona."

Mikono ikasimama. Aliijua sauti. "Marahaba, mwanangu. Kaa. Karanga hakuna, meno yameisha." Nikakaa chini, kwenye ngazi. Tukaulizana habari. Kisha akasema, "Mama yako hajambo?"

"Alifariki, Dona."

Akafanya ishara yake ya msalaba. Akaendelea kuambua, polepole. "Alinisamehe?"

Njiani nilikuwa nimejiandaa kumwambia ndiyo. Nilipomwona nikashindwa. "Hapana," nikasema. "Dona, nina jambo. Ile lista, siku ile ulipokuwa mgonjwa..."

"Najua."

"Hujui. Mimi ndiye..."

"Kompyuta inaandika saa, mwanangu. Lista ilitoka saa nne kasoro, na saa nne kasoro mimi nilikuwa na dripu mkononi. Nilijua nilipoifungua, usiku ule kabla ya mkutano. Nikajua pia kwamba hesabu hukuzisoma."

"Kwa nini hukusema?"

"Swali lilikuwa langu kweli."

"Lakini mkono ulikuwa wangu! Na nikakudanganya!"

Akaweka beseni chini. "Mama yako alikuwa na watoto wawili," akasema. "Mmoja amempoteza mara mbili. Ningemwambia ni wewe, angebaki na nani? Mimi nilikuwa mgeni. Mgeni anachukiwa, anapanda chapa, anakwenda."

Hapo nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, watu wanapita barabarani. Na kwa kuwa nilikuwa nalia, likanitoka na lile ambalo sikukusudia kulisema. Nikamwambia kwamba siku mama alipokuwa anakata roho alinishika mkono, akasema Mungu amlipe yule mwanamke ubaya aliomfanyia mwanangu. Chumbani tulikuwa wawili tu. Ningeweza kumwambia pale kwamba ni mimi. Nikaitikia amina.

Hilo Dona hakuwa akilijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuta pindo la kanga kwa kupapasa, akajifunika uso. Nikakaa pale chini karibu na miguu yake, nisijue nimshike au nimwache.